Kilele Kisichotaka Kicheko

Mniwie radhi mapema, kisa hiki nitakiharibu. Kila nikikisimulia jukwaani, mimi mwenyewe huanza kucheka kabla sijafika mahali penyewe, na watu hubaki wakinitazama kama mgonjwa.

Nilipokuwa mtoto, darasa la tano hivi, Nyanya yangu hakuwa na picha yoyote isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alisema inafanana na mwizi wa kuku. Alitaka moja ya heshima: amesimama juu ya kilima cha Manga, na nyuma yake milima ya upande wa Nyamarambe, alikozaliwa. Mwanawe, Baba mdogo Nyakundi, alikuwa mpiga picha za harusi mjini Kisii, na filamu yake ilibakiza picha moja tu. Akamwahidi mama yake hiyo. Mimi nilipewa kazi ya kubeba uji.

Tulipanda asubuhi kabla mvua ya alasiri haijajipanga. Mikaratusi iliishia kiunoni mwa kilima, kisha vichaka navyo vikakata tamaa, yakabaki mawe na nyasi zilizolala kama zimechapwa. Hapo Nyanya akasimama, akakaza kitambaa chake cheupe cha kanisani. Hakuna mkwe aliyewahi kumwona kichwa wazi. Akanitazama mimi, si mwanawe.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo nyanya zetu wanavyotutania wajukuu wa kiume, "kule juu hakuchekwi. Upepo ukisikia kicheko unadhani umeitwa. Utakuja, na hauondoki mikono mitupu."

Alikuwa mama wa kanisa, lakini mambo ya kilima aliyaweka kwenye kabati lake tofauti. Na kuniambia mimi nisichekeshe ni kumwonyesha mbuzi shamba la mahindi na kumwomba akae tu akitazama.

Kileleni alisimama juu ya jiwe, mikono imebana mapaja, uso uleule wa kitambulisho. Baba mdogo akamsihi.

"Mama, legeza uso kidogo. Ni hii moja tu."

"Uso wangu uko sawa. Piga."

Niliona mwizi wa kuku anarudi. Nikajipa kazi. Nikiwa nyuma ya Baba mdogo, nikaanza kumwigiza mchungaji wetu akifukuzwa na nyuki katikati ya maombi: nikapaza sauti yake, nikazunguka, nikawapa mgongo, nikainama kumtafuta nyuki chini ya kiti.

Nyanya akacheka. Si kicheko cha mama wa kanisa. Kile cha kushika tumbo. Upepo mkali ukaja palepale, ukang'oa kitambaa na kukipeleka upande wa ziwa linaloonekana kwa mbali. Baba mdogo akashtuka, kidole kikabonyeza.

Picha ilipotoka, alikuwa kichwa wazi, mdomo wazi, mkono ukidaka hewa, na mkono huohuo umeifunika Nyamarambe yote. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaitundika sebuleni, ikitazama mlango, wakwe waione vizuri.

Mwaka jana nilipanda tena, na simu. Nilipiga picha hadi betri ikaisha, na sikucheka hata kidogo. Siamini mambo ya upepo, ila kofia niliyovaa ilikuwa mpya.

Miaka yote niliibeba hatia ile kwa majivuno: kipaji changu ndicho kilichovunja mwiko, na Nyanya ndiye mtazamaji wangu wa kwanza. Alipokuwa mzee wa kulala mchana, nilikwenda kumwomba msamaha kwa kile kisa cha mchungaji.

"Mchungaji gani?" akauliza. "Kwa upepo wa kule juu ningesikia nini? Ulipoinama, kaptura yako ilipasuka nyuma yote."

Basi nimelielewa tatizo la kazi yangu ya kuchekesha watu. Zaidi ya miaka ishirini napanda jukwaani nikiwatazama watu usoni. Kosa ni langu.