Maji Tuliyoyaita Unene

Mke wangu alipojifungua hapa mjini Baraka, Kongo, alianza kunenepa. Mama yangu alifurahi. Alimpikia uji asubuhi na bugali kwa ndagala, dagaa wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi, jioni, na mimi nilijivunia yale mashavu. Lakini miguu ilivimba mpaka viatu vya kanisani vikamkataa, na akawa analala ameketi, mgongo ukutani.

"Nikilala chali, pumzi inakatika," aliniambia.

Sikuelewa. Mtu anayekula vizuri na kunenepa, anakosaje pumzi?

Hospitalini walisema mimba imeudhoofisha moyo, hausukumi damu vizuri. Wakampa dawa, kisha wakatukabidhi kwa rele wa mtaa wetu, mama mmoja aliyefundishwa na kituo cha afya kufuatilia wagonjwa majumbani. Alikuwa anakuja na mizani, anampima, halafu anabonyeza mguu kwa kidole na kungoja aone shimo litachukua muda gani kufutika.

Siku moja nilirudi kutoka Kazimia, nilikokuwa nimeenda kununua samaki, nikamkuta mke wangu amekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Rele alikuwa anatabasamu.

"Amepunguka," alisema. "Iko muzuri sana."

"Mama, muntu anakonda na we unafurahi?"

"Ile haikukuwa munofu, baba. Ilikuwa maji. Dawa ndiyo inayatosha, anayakojoa."

Alipoondoka, mama yangu alinivuta nyuma ya jiko. "Banamukataza chumvi, banamukataza ndagala, hata maji ya kunywa banamupimia. Batamuua mutoto wa batu."

Rele namwamini, na mama ndiye aliyenilea.

Baada ya muda mashavu yakarudi. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, nisijue nishike lipi. Rele alipompima, uso wake ulibadilika. Akauliza kama dawa zinamezwa.

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mama yangu ndiye aliyejibu. "Ni mimi nilimuambia aache. Zinamukojoza siku yote, zinamumaliza nguvu."

Nilitegemea ugomvi. Rele hakupandisha sauti. "Mama, leta kidole chako. Bonyeza hapa, halafu utoshe."

Mama alibonyeza mguu wa mkamwana wake. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Tulilitazama sote. Mama alingoja, akapangusa mkono kwenye kitenge chake kana kwamba umechafuka.

"Mi nilizania ni afya," alisema polepole.

Siku ileile tulimrudisha hospitalini kwa pikipiki. Wakayatoa yale maji, akarudi nyumbani akipumua vizuri. Tangu hapo mama anapika sufuria mbili, moja haina chumvi, na ni yeye anayemkumbusha dawa.

Daktari anasema moyo umepata nguvu, lakini dawa ziendelee, na mimba nyingine ni hatari. Hapo ndipo akili yangu inapogota: kama amepona, anameza dawa za nini? Mke wangu naye alimwuliza rele, "Mi niko muzima ao mugonjwa?"

Rele alifikiri kidogo. "Uko na kazi zako, uko na dawa zako. Mi nitaendelea kukuya."

Leo asubuhi mke wangu amechukua jembe, ameelekea shambani. Nilimfuata mpaka njia panda, nikiisikiliza pumzi yake. Akasimama, akaniambia nirudi nikamwangalie mtoto.