Kura Zilizogongwa Muhuri Jumatatu

Siku yangu ya kwanza posta niliwekwa mbele ya kabati la mbao lenye vijumba vingi kama mzinga, nikaambiwa nichambue. Lilikuwa tawi dogo la Sydenham, mtaa mmoja wa Durban. Kila kijumba kilikuwa na jina la mtaa. Unaitia kila barua kijumbani mwake, kisha msambazaji anazifunga kwa mpira na kwenda kuzigawa nyumba kwa nyumba. Karani Mkuu, mama wa Kihindi asiyecheka ovyo, alisimama nyuma yangu asubuhi nzima.

Mimi nilitoka Uvira. Nilikuwa nimesuka nywele za watu mjini Durban kwa miaka mingi hadi nilipopata karatasi za ukaazi wa kudumu. Kanisani hawakuamini kwamba Mkongomani ameajiriwa posta. Wakanipa jina, Madame Posta, nami nikavimba kichwa. Sitaficha.

Karani Mkuu ndiye aliyenifundisha muhuri wa tarehe. Ni chuma chenye mikanda ya namba. Kila asubuhi unaizungusha mpaka tarehe ya leo, unaugonga kwenye karatasi tupu, unatia sahihi, ndipo unaanza kazi.

"Ukishagonga," aliniambia, "umesema barua hii ilikuwa mkononi mwetu siku hii. Hakimu atakuamini kuliko atakavyomwamini aliyeiandika."

Alipostaafu nilipelekwa kaunta ya Point, mtaa wa kando ya bandari. Huko ndiko nilikozoeana na Baba Ngcobo, aliyeendesha winchi bandarini tangu ujana mpaka magoti yakamharibikia. Alinifundisha Kizulu kizuri, nikamfundisha kusema "habari ya asubuhi", akawa ananisalimia hivyo hata jioni. Yeye na wastaafu wenzake walikuwa na kliniki yao wenyewe, mtaa wa pili kutoka kwetu, chini ya chama chao. Muuguzi wa pale alimjua kila mzee na ugonjwa wake.

Miaka hiyo posta ilianza kuchakaa, na vijana wasidhani ilikuwa ghafla. Msambazaji akistaafu, nafasi yake haijazwi. Gari likiharibika, linaegeshwa ukutani mpaka matairi yanakaa chini. Nikahamishwa tena, safari hii kwenye kituo cha kuchambulia karibu na bandari, nikapewa meza ya muhuri. Msimamizi wa Kituo alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka, aliyependa vifurushi vya maduka ya mtandaoni kwa sababu wakubwa walivifuatilia kwenye kompyuta. Barua za kawaida hakuna aliyezifuatilia.

Ndipo ikaja kura. Viongozi wa chama cha wastaafu walitaka kuifunga kliniki na kulitoa jengo ili pajengwe hoteli. Wanachama wengi walikuwa wamerudi vijijini kwao, wengine hawatoki kitandani, kwa hiyo wakakubaliana wapige kura kwa posta. Sharti lilikuwa moja: bahasha iwe na muhuri wa Ijumaa au kabla yake. Bahasha hizo zilikuwa zimelipiwa tayari, hazikuhitaji stempu, kwa hiyo hazikugongwa kaunta. Ziligongwa kwetu, kituoni.

Jumatano asubuhi nilimkuta Baba Ngcobo amesimama kwenye sanduku la barua, bahasha mkononi.

"Mama, chukua wewe uende nayo," alisema. "Ni kura yangu. Ile kliniki iko maisha yangu."

"Siruhusiwi, Baba. Tia sandukuni. Ijumaa iko mbali, itawahi."

Akaitia. Akaingiza na mkono kuhakikisha imeanguka.

Alhamisi magunia ya kura yaliletwa kituoni, kumi na moja, nikayaandika mwenyewe kwenye kitabu cha mapokezi. Msimamizi akasema tuanze na vifurushi. Ijumaa nikamkumbusha mara mbili.

"Eish, Mama," alisema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Barua za wazee zinaweza kungoja."

Jumatatu akaja mezani kwangu. "Sasa gonga."

"Bosi, hizi zimeingia hapa Alhamisi. Kitabu kinaonyesha."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Basi gonga Jumatatu. Ukirudisha tarehe nyuma ni kughushi, tutafungwa mimi na wewe. Unataka kufungwa, wewe na karatasi zako za ukaazi?"

Kisheria alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonichoma. Lakini ningeweza kuwaandikia wahesabu kura barua ya mistari mitatu na kuambatisha nakala ya kitabu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nikagonga. Nilipofika kwenye bahasha yenye jina la Baba Ngcobo mgongoni, nililisoma jina, nikagonga.

Magunia yote kumi na moja yalikataliwa kwa kuchelewa. Kliniki ikafungwa kwa kura za walio karibu na ofisi, waliozipeleka kwa mkono.

Nilipostaafu nilikwenda ofisi ya chama na maelezo niliyoyaandika na kutia sahihi. Karani aliyasoma, akanirudishia. "Mama, ukuta wa kliniki umeshabomolewa. Unataka tufanye nini?"

Nikapanda ngazi mpaka chumbani kwa Baba Ngcobo, nikamweleza yote nikiwa mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile unagonga, ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

Baba Ngcobo akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Siku hizi kwenye redio wanabishana kama wazee na wagonjwa waruhusiwe kupiga kura za nchi kwa posta. Mmoja anapiga simu anasema posta wataziiba, mwingine anasema watazitupa baharini. Binti yangu anacheka: "Maman, hiyo posta ilishakufa, waache." Mimi nazima redio. Kura zile hakuna aliyeziiba wala kuzitupa. Zilikaa sakafuni kwetu siku nne, kavu, salama, zikihesabika, watu wazima tukizipita tukienda kunywa chai. Mnaotaka kujua kama posta inaweza kubeba kura, msiulize habari za magari na mashine tu. Ulizeni nani ataandika ile mistari mitatu.

Baba Ngcobo sasa anatibiwa hospitali ya serikali, ambako foleni inaanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na magoti yake hayawezi kuisimamia. Kila mwezi siku ya dawa zake natangulia, napanga foleni. Akifika nainuka kwenye benchi, anakaa mahali pangu. Hajawahi kunisalimia tangu siku ile ya mlango. Nangoja pembeni mpaka jina lake liitwe, kisha natafuta taxi ya kurudi Point.