Bunduki Niliyoisingizia

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi bado najicheka. Jumamosi iliyopita nilikwenda na mke wangu, Mwanaisha, kwenye uwanja wa kulenga shabaha huku kwetu ughaibuni, mjini Fridley. Nilitaka kununua bunduki ndogo ya kujifurahisha, na Otieno, Mkenya mwenzetu anayefanya kazi pale, akaniletea ya bei nafuu niijaribu, na Mwanaisha naye akampa yake.

"Bro, chukua hii. Risasi zake ni cheap, utapiga siku nzima."

Tukaziba masikio, kila mmoja akaingia kibanda chake. Nikafumba jicho moja, nikapiga mpaka risasi zikaisha. Karatasi za shabaha zilipovutwa karibu, yangu ilikuwa safi kama kanzu ya Idi. Ya Mwanaisha ilikuwa imetobolewa katikati kabisa!

"Otieno, bunduki yako imepinda!" nikafoka. "Niletee ya bei kubwa! Mtazame mke wangu, leo ndiyo kwanza anashika bunduki!"

Fahari ikanipanda. Nikampigia vigelegele, mwanamume mzima na ndevu zangu. Wazungu wakageuka, wakampigia makofi. Mwanaisha aliinama, mabega yakitikisika, nami nikadhani analia kwa furaha.

Otieno akaenda kuikagua bunduki ya Mwanaisha, akarudi amebana midomo asicheke.

"Bro, shemeji hajapiga hata risasi moja, zote bado zimo. Wewe ndiye uliyetoboa karatasi yake."

Uwanja mzima ukanitazama. Mwanaisha akajifuta machozi ya kicheko.

"Baba Salma," akasema, "mimi nilikuwa nakusubiri unifundishe kulenga."