Jiwe la Ukoo Langoni mwa Kiwanda

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, na Patrobas Wanyonyi anamfukuza mtu jiweni.

"Ndugu yangu, inuka. Hapo pana mwenyewe."

Mgeni anaangaza macho huku na huku. Anachokiona ni mawe matupu, yamepangwa kando ya ukuta wa kiwanda cha blanketi, Industrial Area, jijini Nairobi. Anauliza jiwe nalo limekuwa na mwenyewe tangu lini. Vibarua wote wanaangua kicheko, maana swali hilo huulizwa na wageni peke yao.

Hapa kila jiwe lina ukoo wake. Vibarua huketi wakimngojea bawabu, Mzee Mwangangi, atoke kuchagua watakaoingia. Akikuchagua, jioni una shilingi mia na ishirini. Asipokuchagua, unarudi Kariobangi kwa miguu, wewe na njaa yako.

Jiwe la Patrobas, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, lilikaliwa na babu yake, kisha baba yake. Limelainika hata linang'aa.

"Makalio ya watu watatu si mchezo," anasema, akilipiga kofi la mapenzi.

Na desturi ina heshima zake. Kijana akimaliza shule, babake humleta Jumapili, lango likiwa limefungwa, akakalishwa rasmi: soda, maombi, na hotuba ya kuusifu ukoo. Agosti mwaka huu wa 1996 ilikuwa zamu ya Gordon, kifungua mimba wa Patrobas. Mama mtu, Kageha, alipika chapati tangu alfajiri. Mzee Mwangangi alialikwa kuwa mgeni wa heshima, akaja amefunga tai.

Kijana mwenyewe alikuwa amenuna.

"Nilimwambia mathe, mimi hapo sikai," asema Gordon. "Akaniambia nikae tu kidogo, chapati zinapoa."

Patrobas akasimama kuhutubu, kifua mbele. Babu alikaa hapa miaka kumi na tisa mpaka mgongo ukapinda, akafa kibarua. Baba naye alikaa ishirini na miwili, akafa kibarua. Na mimi mwenyewe...

Hapo akaikatiza hotuba.

"Niliyasikia ninayoyasema," anakumbuka. "Lo! Kumbe nasoma wasifu wa marehemu, na marehemu ndio sisi! Nikamtazama mtoto wangu pale kando ya jiwe, nikaona uchungu mwingi."

Akawageukia wenzake. "Jamani, tusidanganyane. Sisi tunarithishana kungoja."

Zogo likazuka. Mzee Matheka, mwenye jiwe la jirani, akamkemea kwamba anawatukana wazee waliozikwa. Mwangangi, kwa unyenyekevu mkubwa, akauliza kama sherehe ikivunjika chapati nazo zinarudi nyumbani.

"Kula, mzee," Kageha akamjibu. "Ukweli haujawahi kumshibisha mtu."

Labda ni zile chapati zilizowalainisha. Matheka alitafuna, kisha akachomoa kalamu tatu mfukoni mwa shati. Akasema huzivaa kila siku kwa sababu watoto wake wanaamini yeye ni karani humo ndani. Ofisi yenyewe hajui iko upande gani. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, ingawa si yote yaliyokuwa ya kicheko. Mwingine akakiri kwamba alimchapa mwanawe kwa kusema atakuwa rubani.

"Nilimchapa kwa aibu yangu," alisema, na hakuna aliyemcheka.

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekalishwa. Kila Jumapili baada ya kanisa, wazee hao hukutana kwa Patrobas kuulizana swali ambalo hawakuwahi kuulizana langoni: wewe unajua kufanya nini kingine? Ndipo ilipogunduliwa kwamba Matheka ni mchongaji wa kuzaliwa, wa kwao Ukambani. Miaka yote alikuwa amelificha tezo lake la kuchongea uvunguni mwa kitanda asije akaitwa mshamba.

Sasa anamfundisha Gordon kuchonga vinyago nyuma ya nyumba, na watoto wake wawili wameketi papo hapo, wakijua fika kwamba baba yao si karani. Kazi za mwanzo si za kujivunia.

"Twiga wake wa kwanza alinunuliwa kama mbwa," asema Matheka. "Lakini alinunuliwa!"

Patrobas bado huja langoni, kwani vinyago havijaanza kulisha nyumba. Ila Matheka amemwambia kwamba tezo linahitaji jiwe la kunolea, na laini kama lile la ukoo halipatikani Kariobangi nzima. Krismasi, kiwanda kikifungwa, Gordon ataleta mkokoteni alichukue. Ndio urithi atakaoupata, na safari hii hatalikalia.

Lango linalia. Mwangangi anachungulia. Habari hizo amekwisha kuzisikia, na zinamtia wasiwasi.

"Na Januari, Patrobas, utakalia nini?"

"Tumekalia vya kutosha, mzee wangu. Januari nitangoja nimesimama. Miguu ikichoka, itanipeleka nyumbani, na huko kuna kazi."

Anayasema hayo amesimama wima, mkono kiunoni. Kisha analipangusa jiwe umande na kuketi, maana Krismasi haijafika.