Korongo wa Uchagani kwa Bibi

Juzi nilipita Keza kwa bodaboda, nikamwambia dereva asimame kwenye shule niliyosoma. Kabatini ofisini nilimkuta korongo taji wetu bado yupo, rangi yake kama sufuria ya maharage. Nilicheka peke yangu. Rangi ile ni kazi ya nyumbani kwetu, na sioni haya kuisema.

Zamani kabati lile lilikuwa na ndege kumi na wawili, waliokaushwa na kujazwa nyasi na padri mmoja kabla mama yangu hajazaliwa. Kila Ijumaa mwalimu wa sayansi aliniachia ufunguo. Niliwapangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, kutoka kichwani kwenda mkiani, maana ukienda kinyume unawavunja manyoya. Macho ya kioo niliyasafisha kwa pamba na spiriti. Darasa zima hakuna aliyeniweza kwa kazi hiyo, nami nilijua.

Masika moja paa likavuja, wadudu wakaingia kabatini. Shule ilipofunga, mwalimu akanikabidhi korongo nikamtunze nyumbani.

“Huyu ndiye nimpendaye. Akiharibika, ufunguo sikupi tena.”

Bibi alimkagua, kisha akaamua akae zinapokaa mbegu za maharage na mahindi: uchagani, juu ya mafiga. Mbegu zake hazikuwahi kutobolewa na mdudu, basi nami nikaona ni akili. Likizo nzima tulipika ndizi, korongo akila moshi.

Nilipomshusha, nililia. Ule ukijivu wake mzuri ulikuwa umekuwa masizi, na taji la dhahabu limekuwa kama majani makavu. Spiriti haikusaidia kitu.

“Unalia nini?” bibi akaniuliza. “Mtafute mdudu hapo, unionyeshe.”

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alimgeuzageuza korongo, nikajua yamekwisha. Kisha akafungua kabati. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wameliwa, wamebaki nyasi na waya. Akanirudishia ufunguo. Jioni alikuja nyumbani, akampa bibi shikamoo, akauliza kuni gani alitumia.

Bibi hayupo sasa, na kwetu tunapikia gesi. Bondeni, walikokuwa wakicheza korongo walio hai, tumelima mpaka ukingoni mwa maji. Mwalimu kijana aliyenifungulia ofisi aliniuliza kama korongo wote ni weusi hivi. Nikamweleza ule ukijivu, shavu jeupe, taji la dhahabu linalowaka juani. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu mzima anayetia chumvi.