Kufikiri kwa Sauti Dukani Garsen

Katika usaili wangu wa kwanza wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, nilinyamaza hadi wasaili wakadhani mtandao umekatika.

Nilikuwa chumbani kwangu Garsen, kompyuta mezani, feni nimeizima isiharibu sauti, jasho linanitiririka mgongoni. Upande wa pili walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wa kampuni ya teknolojia ya Nairobi iliyoruhusu watu kufanya kazi wakiwa kwao. Kazi nyingine zote nilizoziona zilitaka nihame, na mimi sikutaka kuhama. Mama yangu yuko Ngao, kila mwezi lazima apelekwe hospitalini, na mtoto aliye karibu ni mimi tu. Kwa hiyo nilikuwa naitaka kazi ile, si nyingine.

"Bado unatusikia?" yule mwanamke akauliza.

"Nawasikia."

Nikanyamaza tena. Nyumbani kwetu ukiulizwa jambo na mkubwa hubwabwaji. Unalipika jibu kichwani, unampa likiwa limeiva. Nikawapa jibu likiwa limeiva, tena sahihi, nikafunga kompyuta nikijisifu.

Baada ya wiki moja wakanikataa. Hasira zilinipanda hadi nikashindwa kula. Lakini chini ya barua yule mwanamke alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: jibu lilikuwa zuri, ila hawakuona nimelifikiaje, na kazini kwao watu hufikiri pamoja. Nijaribu tena baada ya miezi mitatu, safari hiyo nikifikiri kwa sauti. Hakulazimika kuandika hayo, na wengi hawaandiki. Leo namshukuru, ingawa siku ile nilimsema vibaya sana peke yangu chumbani.

Nilianza kufanya mazoezi nikiuelekea ukuta, nikajiona mwehu. Ndipo nikamwendea mama mwenye duka la jirani, Msomali, rika la mama yangu, mchana ule wateja wanapopungua. Nikamwomba anisikilize tu.

"Mimi kompyuta sijui," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama."

Akawa ananisikiliza huku akipima sukari na kuifunga. Siku za kwanza nilikuwa nikisema maneno matatu, la nne nalimeza. Alikuwa akigonga kaunta kwa kidole.

"Abaayo, dada yangu, umepotea tena. Sema. Hata kama ni makosa, wewe sema."

Siku moja nilikuwa nikimweleza jinsi kompyuta moja inavyopokea kazi nyingi kwa wakati mmoja na kuamua ipi itangulie. Nilipoona hanifuati, nikamfananishia na ng'ombe wanaoshuka malkani, ile njia ya mifugo inayopita kati ya mashamba hadi mtoni. Nikasema mpango wangu ni kuwatanguliza wenye nguvu, maana hao hunywa haraka wakaondoka. Yeye amekulia kwenye mifugo huko upande wa Madogo. Akaacha sukari.

"Na wengine wenye nguvu wakija? Na wengine tena? Yule dhaifu ako nyuma, anakunywa saa ngapi?"

Programu yangu niliyojivunia ingemwacha afe kwa kiu huku maji anayaona. Nilirudi chumbani nikaifumua yote, nikicheka peke yangu.

Kwenye usaili wa pili waliniuliza mambo mengine kabisa. Katikati nikakwama, na mdomo ukataka kujifunga kama kawaida yake. Nikajilazimisha. "Hapa nimekwama. Nadhani nimekosea mahali huko mwanzo, lakini sijui ni wapi." Nilitamani ardhi inimeze. Yule mwanamke, maana alikuwa yeye yule, akasogea karibu na kamera.

"Haya, tutazame pamoja," akasema. Tukatazama, tukalipata kosa. Sijui kama nimewahi kushukuru msaada kama nilivyoshukuru ule.

Waliponipigia simu kunipa kazi, nilikwenda dukani moja kwa moja, kabla hata ya kumpigia mama yangu.

"Nimepata, mama."

"Alhamdulillahi." Akanishika mikono yote miwili. Kisha akaniachia, akageukia rafu na kuanza kupanga pakiti za majani ya chai ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Akaongea akiwa amenipa mgongo. "Kila swala mimi naomba upate. Na kila swala roho inauma, sababu ukipata utaenda Nairobi."

Miezi mitatu nilikuwa nimemmwagia mwanamke huyu kila wazo lililonipita kichwani, na hili moja, kwamba kazi ningeifanyia hapa hapa, sikuwahi kumwambia.

"Siendi popote, mama," nikasema, nikazunguka kaunta na kwenda kusimama upande wake, mahali ambapo mteja haingii.