Nafasi ya Kanyere

Wewe umewahi kumchukia mtu kwa sababu tu anakushinda? Usijibu haraka. Twahiru angeulizwa hivyo mwaka mmoja kabla, angekataa kwa kiapo. Ndiye aliyesimama mbele ya darasa zima la mwaka wa tano wa udaktari, akapaza sauti kwamba mwanafunzi anayejifungia na vitabu wakati watu wanakufa kwa kipindupindu kilomita chache kutoka hapo hastahili koti jeupe. Walimpigia makofi mpaka madawati yakatetemeka. Kanyere naye alipiga makofi, kisha akatoka kabla mkutano haujaisha. Alikuwa na zamu ziwani.

Ufadhili ulitangazwa majuma yale vita vilipofika Sake na barabara ya kuingia Goma ikajaa watu waliobeba magodoro kichwani. Mwanafunzi mmoja angechukuliwa kwa mwaka mzima: miezi sita kuhudumia wakimbizi katika kambi za magharibi ya mji na kuchunguza ugonjwa unavyosambaa, miezi sita katika maabara ya utafiti huko Dakar. Mmoja! Kambi zilikuwa zinaongezeka kila juma, na wakubwa waliona mwanafunzi mmoja anatosha.

Twahiru aliandika kurasa kumi na mbili. Zilikuwa na majedwali, ramani na Kifaransa kilichonyooka kama rula. Baba yake, papa Assani, dereva wa lori la Rutshuru ambaye lori lake lilikuwa limeegeshwa uani tangu barabara ifungwe, aliziweka kurasa zile mezani kila mgeni alipokuja, akasema, "Muone. Huyu mutoto ataenda Dakar."

Kanyere aliandika kurasa nne. Alikuwa binti wa wakulima wa upande wa Beni, amepanga chumba Ndosho, mtaa ule ule wa akina Twahiru, na katika mitihani hakuwahi kumpita Twahiru hata mara moja. Lakini kwa miaka miwili, kila alfajiri, alikuwa akisimama ukingoni mwa ziwa upande wa Kyeshero na bomba la sindano lisilo na sindano, akitia klorini katika kila bidoni, dumu la maji, lililotoka majini. Na katika kurasa zake nne aliandika jambo moja ambalo hakuna profesa aliyelijua: kwa nini wanawake wengine walikuwa wanaikwepa foleni ya dawa. Wenye vyeo walisema ni ujinga. Kanyere aliwauliza wenyewe. Walikuwa wapishi wa kasiksi, na klorini inaharibu pombe ya ndizi, haichachi. Basi akawapa kamba nyekundu za kufunga kwenye mabidoni ya pombe ili yapite bila dawa, na kwa sharti hilo wakakubali kuleta mabidoni ya kunywa.

Kamba nyekundu! Twahiru alipoyasikia hayo alicheka kwa sauti. Kisha orodha ikabandikwa: Kanyere, amechukuliwa. Twahiru, wa akiba.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alichukia jinsi profesa alivyocheka na Kanyere koridoni. Alichukia lafudhi yake ya Kinande, mabuti yake ya mpira, hata harufu ya klorini aliyokuja nayo darasani, ambayo zamani ilimfanya amheshimu. Alijitengenezea maelezo: wamemchukua kwa sababu ni msichana, kwa sababu ni wa Beni, kwa sababu kuna mjomba mahali fulani. Hakuwa na ushahidi wa lolote, na alijua hana, na kujua huko kulimchoma zaidi.

Mtaani nako hawakumwacha. Benny, dereva wa pikipiki aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, alimpigia honi kila asubuhi.

"Docta wa akiba! Leo kocha atakuingiza?"

"Nenda zako, Benny."

"Mi niko nakuombea, kaka. Huyu dada avunjike hata kidole tu!"

Benny alikuwa anatania. Twahiru alikuwa ameshaomba hivyo hivyo, naye hakuwa anatania.

Jumanne mchana alikuwa akipita karibu na ofisi ya mkuu wa kitivo wakati sekretari, mama Perpétue, alipomwita. Alikuwa mwanamke wa miwani na blauzi zilizopigwa pasi, ambaye hata profesa alikuwa akimwogopa kidogo.

"Twahiru, mutoto wangu, wewe si unakaa Ndosho karibu na Kanyere? Simu yake haipatikani."

"Hakuna umeme siku ya tatu leo, mama. Simu zote zimekufa."

"Basi utamwambia kwa mudomo. Kusaini mukataba wa ufadhili hakuko tena Ijumaa. Wale wageni wa ufadhili wanaondoka kesho, wanavuka mpaka, wanaogopa hali ya Sake. Ni kesho saa mbili kamili asubuhi, hapa. Asiyekuwepo, wanahesabu ameacha nafasi." Akamtazama juu ya miwani. "Na wewe ndiye unayefuata. Kwa hiyo nawe uwepo."

"Nitamwambia, mama."

"Leo hii."

"Leo hii, mama."

Alitembea mpaka Ndosho kwa miguu, na njia nzima alikuwa na nia ya kusema. Amini hivyo. Jua lilikuwa bado halijazama alipomkuta Kanyere nje ya mlango wake, anasugua mabuti kwa brashi.

"Docta! Karibu. Habari ya kule fakilte? Mi leo sikufika, kuna watu wapya wengi sana pale ziwani, sijui wametoka wapi wote."

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini Kanyere hakungoja jibu. Aliacha brashi, macho yakimng'aa.

"Halafu sikiliza. Nimewaandikia wale wageni. Nimeomba wakuweke na wewe, ule muda wa kambini. Uwe musaidizi wangu. Zile hesabu zako mimi siziwezi, si unajua?"

Msaidizi wake. Twahiru aliona jina lake limeandikwa chini ya jina la Kanyere, kwa herufi ndogo. Alimwona papa Assani akiwaeleza wageni mezani kwamba mtoto wake anamsaidia binti mmoja wa kutia dawa kwenye mabidoni. Kanyere angemtukana, ingekuwa nafuu. Kumbe alikuwa anamgawia sehemu ya nafasi yake.

"Aksanti," alisema.

"Kwa hiyo habari ya kule?"

"Hakuna kitu."

"Utanisindikiza Ijumaa? Naogopa peke yangu mbele ya wale wazungu."

"Nitakuja."

Aliondoka kwa hatua za kawaida. Nyumbani alioga kwa maji ya sisterini, lile tangi kubwa la mvua ambalo baba yake alilijenga miaka ya lori kutembea vizuri. Akalipiga shati lake jeupe pasi ya makaa. Alijiambia kwamba yeye hajasema uongo, amenyamaza tu. Kwamba Kanyere mwenyewe angeweza kupita kitivoni. Kwamba wakimbizi wanahitaji mtu anayejua takwimu, si mtu wa kamba nyekundu. Alilala vizuri, na hilo baadaye ndilo lililomtia aibu kuliko mengine yote.

Asubuhi aliamka mapema ili ahakikishe. Kama Kanyere ameenda ziwani na mabuti yake, basi hajui kitu, na saa mbili kiti kitakuwa chake. Alishuka mpaka Kyeshero na shati lake jeupe, akasimama nyuma ya ukuta wa mawe ya lava, juu kidogo ya ukingo.

Hakuwahi kuja hapo saa hiyo. Miaka miwili, hata siku moja. Kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, pampu za mji zilikuwa zimesimama, na mabomba yote yalikuwa makavu. Foleni ya mabidoni ya njano ilipanda kutoka majini mpaka barabarani. Wakimbizi walikuwemo, wake wa askari, walimu, muuza mikate wa mtaani kwao. Mji mzima ulikuwa hapo, umeinama. Mbele ya foleni, ndani ya gile, kizibao cha rangi ya machungwa, Kanyere alikuwa anavuta dawa na kutia, anavuta na kutia, akiuliza kila mmoja, "Ya kunywa ao ya kasiksi?"

Yupo. Twahiru alitabasamu, akageuka aondoke.

Hapo ndipo alipomwona mwanamke wa tano katika foleni. Alikuwa amefunga kitenge kilichopauka, kilemba kichwani, ndara miguuni, bidoni la lita ishirini mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Hakuwa na miwani wala blauzi ya pasi, na Twahiru alimtambua kwa jinsi tu alivyosimama. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mama Perpétue anakunywa maji.

Mbele yake walikuwa wanne. Watatu. Wawili. Twahiru hakuondoka. Mama Perpétue alifika mbele, akatua bidoni, akamwona Kanyere na mabuti yake, akasema kitu. Kanyere akatikisa kichwa kwamba hapana. Mama Perpétue akasema tena, mkono ukionyesha upande wa chuo. Bomba la klorini likabaki hewani.

Kisha Kanyere akavua gile. Akamvisha mama Perpétue juu ya kitenge, akamwekea bomba la sindano mkononi, akapanda mbio kuelekea barabarani huku akipiga kelele za kuita pikipiki. Ya kwanza iliyosimama ilikuwa ya Benny. Wakaondoka, mabuti ya Kanyere yakidondosha maji barabarani.

Foleni ilingoja. Mama Perpétue alitazama ukingo wote taratibu, kama anayetafuta kitu alichokiangusha, mpaka macho yake yakafika kwenye ukuta wa mawe na shati jeupe lililosimama nyuma yake. Alilitazama shati lile kwa muda. Alizamisha bomba katika ndoo ya dawa, akavuta mpaka kwenye alama, akamgeukia mwanamke aliyefuata.

"Ya kunywa ao ya kasiksi?"